Busu Alilolikataa Bwana wa Valcorbe

Mimi na bwana Aubri wa Valcorbe tulinyonya ziwa moja. Mama yangu alikuwa mke wa mtunza mbwa wa ngome. Mama yake Aubri alishikwa na homa ya uzazi, maziwa yakamkauka, basi mtoto wa kabaila akaletwa kwetu akiwa amefungwa kwenye ngozi ya kondoo, akapewa titi la kushoto, mimi nikabaki na la kulia. Ndiyo maana mbele za watu nilimwita bwana, kama kila aliyekula mkate wake, lakini tukiwa wawili nilimwita kaka, na siku alizoniudhi nilimwita majina mengine. Nayasema haya mapema ili mjue kwa nini niliona nililoliona kabla ya mkewe.

Ilikuwa Kwaresima, baridi bado haijaondoka. Nilikuwa ukumbini karibu na meko, nashona mkono wa kanzu ya Aubri uliochanika, naye amesimama ameelekea motoni akinisimulia habari za harusi. Binti yake Oudine alikuwa aolewe Pentekoste na Estout, mtoto wa bwana Raoul wa Montgivre, na siku hiyohiyo mwanawe Anselin avishwe upanga. Aubri alikuwa na furaha.

"Yule mzee Raoul akija na ndugu zake wote," akasema, "tutachinja mpaka paka."

Gogo likaporomoka, na chuma cha kuchokolea moto kikaanguka kutoka ndani ya makaa. Akainama akakiokota ili alisukume gogo. Akakishika upande uliokuwa motoni. Akaendelea kuongea, habari za mapipa ya divai sijui, na habari za nguruwe, mpaka pua yangu ikapata harufu ya nyama ya kuchoma, ambayo Kwaresima haipaswi kunukia jikoni.

"Kaka, tupa!"

"Nitupe nini?"

Akanitazama mimi kwanza, kisha ndipo akautazama mkono wake. Ngozi ilikuwa imeganda kwenye chuma. Hakupiga kelele. Alikiweka chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Vidole viwili, tangu mavuno ya zabibu. Kiganja chote, tangu Noeli."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia nini, dada? Kwamba sisikii moto?"

Nilimpandisha mkono wa shati. Juu ya kiwiko palikuwa na baka jeupe, ukubwa wa hostia ya misa. Nikachukua sindano niliyokuwa nikishonea nikamchoma nayo katikati ya lile baka, nikaizamisha mpaka damu ikatoka. Yeye alikuwa anatazama njiwa dirishani.

Hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa ule. Hatukuwa na haja. Miaka kumi na miwili nyuma palikuwa na msaga unga wetu, Gobin, aliyetokwa na mabaka kama yale. Aubri ndiye aliyeitisha waganga, Aubri ndiye aliyesimama uani amejiziba pua kwa joho huku Gobin akiamriwa asiwaguse wanawe hata kwa kuwaaga. Gobin alilia akisema, "Bwana, huyu mdogo tu, huyu mdogo." Aubri alisema hapana. Sheria ilisema hapana, naye akasema kama sheria.

"Usimwambie Mahaut," akaniambia siku ile huku nikimfunga kitambaa.

"Mkeo analala nawe, kaka. Utamficha nini?"

"Hatulali pamoja tangu Noeli."

Akaanza kuvaa glavu. Glavu ukiwa juu ya farasi ni kitu cha kawaida, lakini yeye alizivaa mezani, alizivaa kanisani. Bibi Mahaut hakuwa mwanamke wa kuona jambo akanyamaza. Wiki ya Mateso aliniita kwenye chumba cha nguo, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"We Hersent, hebu kaa hapa. Ni nani?"

"Nani nini, bibi?"

"Usinichezee. Mume wangu analala chumba cha silaha kama askari mlevi. Pete yangu haimo kidoleni, anaficha kwa glavu. Amempa nani? Ni yule mjane wa mwoka mikate, sivyo? Mwenye makalio kama mapipa?"

"Mjane wa mwoka mikate ana miaka hamsini, bibi."

"Na mimi nina arobaini na miwili! Ndiyo tusi lenyewe!"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka kwa sababu nilitamani ingekuwa kweli.

Jumatatu ya Pasaka Mahaut alimfuata mumewe kwenye bustani ya miti ya matufaha, mchana kweupe, mimi nikiwa nyuma yao na kikapu. "Nionyeshe pete yangu," akasema. Aubri akarudi nyuma. Mahaut akaudaka mkono wake akavuta glavu, ikatoka na kitambaa nilichomfunga. Kidonda cha kuungua kilikuwa bado kibichi, na kidole kidogo kilikuwa kimeanza kujikunja kuelekea kiganjani. Pete haikuwepo kwa sababu vidole vilikuwa vimevimba.

"Mahaut, usinishike."

"Nimekushika miaka ishirini na mmoja."

Nikangoja apige ukelele. Badala yake aliokota ile glavu nyasini, akaikung'uta, akamvalisha yeye mwenyewe, kidole kimoja baada ya kingine, kama anayemvalisha mtoto soksi. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Wiki saba," akasema. "Wiki saba utaweza?"

"Na baadaye?"

"Baadaye nitalia. Sasa sina nafasi."

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa jemadari wetu. Aliwaambia watumishi bwana ameungua na anaogopa kidonda kisiingie baridi. Mezani alimkatia nyama yeye mwenyewe, akisema anamdekeza mumewe kama bibi harusi. Nyusi zilipoanza kupukutika, mimi ndiye niliyekuwa nikimpaka masizi yaliyochanganywa na mafuta ya bata kila asubuhi. Aubri alikaa ametulia, akiniuliza kwa utani, "Dada, nimependeza?" nami nikimjibu kwamba hajawahi kupendeza tangu tukiwa kwenye ngozi ya kondoo.

Oudine alikuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa amemwona Estout mara tatu tu, na mara hizo tatu zilimtosha. Alizunguka ngome nzima akiimba mpaka mpishi akamtishia kwa mwiko. Anselin, miaka kumi na tisa, yeye alikuwa anafanya mazoezi ya kupiga magoti. Desturi yetu ni kwamba kijana akishafungwa upanga, baba humpiga kofi la shingo, shingo tupu kwa kiganja kitupu, na hilo ndilo kofi la mwisho analopigwa bila kulipiza.

"Baba, utanipiga kwa nguvu? Bwana Raoul anasema yeye alipopigwa aliona nyota."

"Wewe utaona malaika," Aubri alimjibu, watu wakacheka. Kisha akatoka, akaenda chumba cha silaha, na hakurudi mpaka chakula kilipopoa.

Siku mbili kabla ya Pentekoste tulikutana humo wote watatu. Aubri alikuwa amekaa juu ya sanduku la mishale.

"La Anselin nitalimaliza," akasema. "Nitampiga kwa glavu, nitasema nimeungua. Lakini busu je?"

Maana akina baba wa maarusi hufunga ahadi mlangoni mwa kanisa kwa kubusiana mdomoni, mbele ya watu wote. Bila busu hakuna ahadi, na bila ahadi padri hafungui kitabu.

"Busu moja!" Mahaut akasema. "Nyie wanaume mnabusiana kama kuku wanaodonoa nafaka. Mguse tu, basi."

"Gobin aliomba kumbusu mwanawe, nikamkatalia."

"Gobin alikuwa msaga unga!"

"Ndiyo. Na mimi ndiye niliyemfukuza."

Mahaut alimkaribia akainama, macho kwa macho. "Sikia, Aubri. Wewe umeshakwisha. Nakwambia mimi mkeo, kwa sababu hakuna mwingine atakayekwambia. Mimi nimeshakwisha. Anselin naye watamwogopa. Bado huyu mtoto mmoja anaweza kutoka humu ndani kabla mlango haujafungwa. Ukimharibia siku hiyo, sitakusamehe."

"Najua." Akanigeukia. "Dada, nawe wasemaje?"

Nilimfikiria Oudine akiimba. Nikasema ambusu. Sitaficha hilo. Nilisema ambusu, tena nilisema haraka.

Siku ya Pentekoste jua lilitoka zuri. Uwanja wa kanisa ulijaa: watu wa Montgivre upande mmoja, sisi upande mwingine, katikati Padri Evrard na kitabu chake. Oudine alivaa shada la maua ya porini. Anselin alisimama na kanzu nyeupe, nywele zimekatwa, shingo iko tupu, akingoja zamu yake. Hati zilisomwa. Kisha bwana Raoul, pande la mtu mwenye ndevu nyeupe na sauti ya kuwaita ng'ombe, akapanua mikono.

"Njoo, mkwe, tumalize, nina njaa!"

Aubri akapiga hatua mbili mbele, akasimama. Nilimwona anamtazama yule mzee mdomoni. Kisha akarudi nyuma hatua moja.

Watu wakacheka, wakidhani ni utani.

"Nimekula vitunguu, najua," Raoul akasema, "lakini vumilia kidogo!"

Wakacheka zaidi. Raoul akasogea, Aubri akarudi nyuma tena, na safari hii kicheko kikakatika. Uso wa mzee ulikuwa umebadilika rangi. Wapwa zake wawili walikuwa wameshashika mipini ya panga zao.

"Unanikataa, Aubri? Mbele ya watu wangu?"

Nilimwona Mahaut akifumba macho.

Aubri aliing'ata glavu akaivua kwa meno, akauinua mkono juu ili kila mtu auone, na vile vidole vilivyojikunja.

"Sikukatai, Raoul. Ondoka karibu yangu."

Neno "ukoma" lilianzia mbele likaenda nyuma kwa minong'ono, na lilipopita watu walijitenga, mama wakiwavuta watoto, mpaka katikati ya uwanja akabaki yeye peke yake. Siwezi kumsema vibaya bwana Raoul. Alijipiga ishara ya msalaba, akasema kwa sauti ndogo, "Mungu akulipe wema," akamshika mwanawe mkono. Estout alimtazama Oudine mara moja tu, akafuata.

Aubri akamgeukia Anselin. Sijui alitaka kumwambia nini, labda hata yeye hakujua. Anselin alirudi nyuma. Hatua moja tu, nami nadhani hakuikusudia, miguu ilimtangulia. Lakini Aubri aliiona.

Oudine ndiye aliyesema. "Siku moja, baba," akasema, wala hakuwa analia. "Ungengoja siku moja tu." Mahaut alimvua shada la maua kichwani, akamwongoza ndani ya ngome, hakugeuka.

Waganga wa askofu walikuja, wakamchoma sindano mwili mzima, wakaandika. Jumapili iliyofuata, kama ilivyo desturi kwa mkoma, alisomewa misa ya wafu akiwa amepiga magoti chini ya kitambaa cheusi, yuko hai, anaitikia sala. Padri Evrard alimmwagia udongo miguuni kwa koleo, akamsomea makatazo: asiingie kanisani wala sokoni, asinawe mtoni, asitembee bila vibao vyake vya kugonganisha ili kuwaonya watu, asimguse mtoto. Sauti ya padri ilikwama kwenye hilo la mtoto, akalirudia. Kisha wakampeleka kwenye nyumba ya wakoma ya Fontaigre, ng'ambo ya mto, penye handaki pande zote. Mahaut alikuwa amejifungia chumbani. Hakuwa amesema na mumewe neno tangu Pentekoste.

Anselin akawa bwana wa Valcorbe bila kofi la baba. Bwana mwingine wa mbali alimvisha upanga kwa hisani. Aliagiza vitu vya baba yake vichomwe moto: kitanda, nguo, vikombe, zana za kuwindia.

"Hata tandiko la farasi?" nilimuuliza.

"Hata tandiko, shangazi."

"Na mimi je? Mimi nilinyonya naye ziwa moja. Niingie motoni mwenyewe au utanisukuma?"

Hakucheka. Nilimkuta mara nyingi dirishani akijichoma vidole kwa sindano, kimoja kimoja, akihesabu. Alikuwa kijana anayeogopa, na watu wanaoogopa hufanana sana na watu wakatili.

Mwezi ukapita. Siku moja ya Julai, Alhamisi, Mahaut alikuja jikoni amefunga kilemba cha safari. "Hersent, vaa viatu."

Tulitembea mpaka Fontaigre. Alisimama ukingoni mwa handaki, upande upepo unapotokea kama sheria inavyotaka, akaweka mikono kiunoni.

"Aubri! Toka nje, we mwoga!"

Wakoma walichungulia milangoni. Aubri akatoka na joho la kijivu, akaja mpaka ukingo wa pili.

"Mwoga mimi?"

"Mwoga! Umetupa mtoto wangu shimoni ili wewe ulale usingizi mzuri! Oudine hali. Oudine haimbi. Wewe umefurahi? Unalala vizuri?"

"Silali, Mahaut."

"Vizuri! Usilale!"

Alimtukana mpaka sauti ikamkauka. Alimkumbusha mambo ya miaka kumi nyuma, farasi aliyeuzwa, mama mkwe, kila kitu. Aubri alisikiliza yote amesimama. Mahaut alipotulia, akamuuliza, "Umemaliza?"

"Sijamaliza! Nitarudi Alhamisi."

Akarudi Alhamisi, na Alhamisi iliyofuata, karibu miaka minne, mvua na theluji. Waligombana kuhusu mizabibu ipogolewe lini, kuhusu paa la mnara, kuhusu Anselin. Kuanzia mwaka wa pili Mahaut alikuwa anabeba kigoda. Sikumsikia hata siku moja akimwambia amemsamehe, na sikumsikia Aubri akiomba. Lakini siku moja tulichelewa kwa sababu ya mafuriko, tukamkuta Aubri amesimama ukingoni amelowa chapachapa, na mmoja wa wakoma akatuambia yuko pale tangu asubuhi.

Oudine aliolewa mwaka wa tatu na Guiot, kijana mwenye mnara mmoja tu na mbwa watatu. Walipomwambia habari za baba wa binti, alijibu, "Kwetu kuna wendawazimu, basi tumelingana." Oudine alikuja handakini mara moja tu, na mtoto mgongoni.

"Anaitwa nani?" Aubri akauliza kwa sauti iliyokwisha kuwa ya kukwaruza.

"Perrin. Usidhani ningempa jina lako."

"Perrin ni jina zuri," akasema. Oudine alimwinua mtoto juu amwone vizuri, akakaa hivyo muda mrefu, mpaka mikono ikamtetemeka.

Anselin hakuja. Alituma kuni, alituma divai, mablanketi. Kila Alhamisi Aubri alimuulizia, na kila Alhamisi Mahaut alisema ana kazi nyingi.

Katika majira ya baridi ya nne, mwezi wa Februari, alikuja mtu wa Fontaigre akagonga vibao vyake chini ya lango: bwana anakufa. Mahaut hakusimama ukingoni siku hiyo. Alipita juu ya ubao wa handaki kama anayevuka kizingiti cha nyumba yake, nami nikamfuata. Aubri alikuwa hawezi kuona tena.

"Ni Alhamisi?"

"Jumatatu. Nimekosea siku." Akaketi kitandani akakipakata kichwa chake.

Mchana Anselin alifika na farasi, akasimama ng'ambo. Mahaut akatoka nje kumwona. "Anakuulizia," akamwambia.

"Amesema nini?"

"Njoo usikie mwenyewe."

Hakushuka. Aliishika hatamu, akaiachia, akaishika tena. Farasi alipiga kwato kwa baridi. Mahaut akarudi ndani, na kabla ya kengele ya jioni Aubri akafa, akiwa ameuliza mara mbili kama ile ni sauti ya farasi, nami nikamwambia ndiyo, ni Anselin, amekuja.

Ardhi ilikuwa imeganda. Wakoma wawili wenye mikono iliyobaki na vidole walijaribu kuchimba, sururu zikaruka kama zimepiga jiwe. Ndipo Anselin alipovuka ule ubao. Akavua joho, akachukua sururu mkononi mwa yule mzee mkoma, mkono kwa mkono, akaanza kuchimba. Alichimba siku ile mpaka hapakuwa na mwanga, akaendelea asubuhi, na nilipompelekea mkate alikula amesimama ndani ya kaburi, udongo ukimfika kifuani.

"Aliniulizia nini, shangazi?"

"Aliuliza kama unakula vizuri."

Akaweka mkate ukingoni, akajifunika uso kwa mikono yake yenye matope.

Tulipomaliza mazishi, alimwandalia mama yake farasi. Mahaut alikuwa ameingia jikoni kwa wakoma, anachochea moto chini ya sufuria ya dengu.

"Mama, twende."

"Tangulia. Hawa hawajui kupika."

"Utarudi lini?"

"Njoo Alhamisi uniulize," akasema, akamtupia kitambaa ajifute uso.

Alikaa huko miaka tisa mpaka alipokufa kwa kifua, na ukoma haukumgusa. Anselin alikuwa akija, siku nyingine handakini, siku nyingine mpaka jikoni. Mimi bado naishi Valcorbe, nimezeeka, nashona. Wengine hunijia wakiuliza kama bwana Aubri alitenda haki mlangoni mwa kanisa. Nawaambia mimi nilimshauri vingine, na kwamba bwana Raoul alifika miaka themanini akiwa na uso safi.